Paa la Chumba cha Vyuma

Kocha Wendell Ottinger alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Jumapili ile mchana vijana wake walijazana kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma, maana ndipo palipokuwa na televisheni kubwa. Walikuwa wakila maharage na nyama waliyopikiwa na akina mama wa kanisani, wakisubiri kamati itangaze timu za vyuo zitakazoingia mtoano wa futiboli ya Kimarekani. Chuo chao cha Pruitt Fork, huko milimani, hakikupoteza mechi msimu mzima. Hata moja! Ilibaki nafasi ya mwisho tu, na Wendell alikuwa akiiomba kimoyomoyo kwa ajili ya wale wa mwaka wa mwisho, ambao hawangepata msimu mwingine.

"Kocha, kula basi," alisema nahodha Colby Strunk, pande la mtu lenye bandeji magoti yote mawili. "Ukizimia hapa nani atakubeba? Mimi magoti sina."

"Hebu nyamaza, wanasoma."

Jina likasomwa: Granmore. Granmore waliofungwa mara tatu! Lakini hao ni wa ligi kubwa, ile inayozoa karibu fedha zote za televisheni na kuwaachia wenzao ukoko. Mchambuzi mmoja mwenye tai akatabasamu, akasema Pruitt Fork ni vijana wazuri, ila msimu mzima hawakucheza na timu yoyote ya maana.

"Mwongo mkubwa!" mtu alipiga kelele nyuma, na bakuli likagonga ukuta.

Wendell ndiye aliyechomwa zaidi. Walikuwa na mkataba wa kucheza na Granmore mara mbili, mwaka huu na mwaka ujao. Granmore waliogopa kuaibishwa na watoto wa milimani, wakaomba mechi ya kwanza ifutwe, wao watalipa. Wakati huo paa la chumba hiki lilikuwa likivuja, ndoo kila kona, na Wendell akatia saini. Ndiyo maisha ya timu ndogo hayo. Wakubwa wanakulipa usicheze nao, halafu wanakuuliza mbona hukucheza na mtu. Upuuzi mtupu!

Daktari Lorraine Haskett, mkuu wa chuo, aliingia na simu mkononi. "Poleni, wanangu," alisema, akamvuta Wendell pembeni, ingawa chumba kile hakikuwa na pembeni ya kuongelea siri. "Granmore wamenipigia. Wanataka tufute na ya mwakani. Wameongeza dau, tunaweza kumalizia paa."

"Leo hii? Hata chakula hakijapoa?"

"Usinitazame hivyo, bwana. Mgao wa ligi yetu unapunguzwa tena mwakani, na bili ya umeme inakuja kwangu, si kwako."

Wendell aliinua macho. Nusu ya paa ilikuwa mabati mapya, nusu turubai. Lorraine alikuwa sahihi, kama kila mwaka, na hilo ndilo lililomchosha kuliko yote.

"Waambie tunakuja kucheza."

"Watatutwanga, Wendell. Nusu ya hawa wanamaliza chuo."

"Watutwange. Lakini asitokee mtu tena wa kuwaambia watoto wangu hawakucheza na timu ya maana."

"Na paa je?"

Colby aliinuka kwa taabu, akachechemea hadi stoo, akarudi na ndoo mbili na kuzipanga chini ya turubai.

"Mwakani mimi sitakuwepo, Kocha."

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

"Aa, usijali. Nitanunua tikiti."

Wendell aligeukia ukuta, akalia mbele yao wote.