Nilikalia Kishikwambi cha Wodi

Sikukiiba. Wanaosema niliiba kishikwambi cha wodi wanakuza mambo. Nilikikalia tu, mchana kweupe, mbele ya watu, na wangefanya nilichoomba ningeinuka mara moja.

Mama mkwe wangu alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango, sukari imempanda. Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja, mtaa mzima unajua. Anasema nguo ninazoshona zinamkaa mtu kama gunia. Lakini ni mama wa mume wangu, na aliyekuwa kwenye kiti pembeni yake tangu alfajiri ni mimi.

Kishikwambi chenyewe ni ile kompyuta bapa ya kugusa kwa kidole. Mafaili yote ya wagonjwa yamehamia humo, na sina ugomvi nacho. Enzi za makaratasi faili la mama lilikuwa likipotea, tunaanza upya kutaja dawa moja moja. Siku hizi wanagusa jina lake na kila kitu kipo. Shida ni kwamba kipo kimoja kwa wodi mbili, na dawa ikiwekewa tiki kisanduku chake kinakuwa kijani, isipowekewa kwa wakati kinageuka chekundu na kuonekana ofisini kwa Matroni. Nani anataka kuitwa kwa Matroni? Basi masista wamejitungia njia yao. Asubuhi mmoja anasimama mlangoni, anaweka tiki kwamba dawa za wodi nzima zimeshatolewa, kishikwambi kinapelekwa wodi ya pili, ndipo anaanza kuzunguka na sindano.

Siku hiyo Sista wa asubuhi aliweka tiki zake zote, akaanzia vitanda vya dirishani, na kabla hajafika kwetu akaitwa mapokezi, kuna majeruhi wa ajali. Akaenda mbio, hakurudi.

Mchana mama akawa anaomba maji, kikombe juu ya kikombe, halafu ulimi ukawa mzito. Nikamfuata Sista aliyepokea zamu, msichana mpole, ndiyo kwanza kishikwambi kimerudi mikononi mwake, nikamleta mpaka kitandani.

"Sista, mama hajachomwa sindano ya asubuhi."

"Amechomwa, dada. Ona, kijani."

"Nilikuwepo. Hajachomwa."

"Nikimchoma tena na kumbe alishachomwa, sukari itashuka ghafla, anifie mikononi. Siwezi."

Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo lililozidi kunipandisha hasira. "Basi mpime."

"Kipimo chake ni cha jioni. Sasa hivi hakifunguki humu, na kisipofunguka siruhusiwi kupima."

Mama akafumbua macho, akaniita kwa jina la binti yake tuliyemzika. Sista akaweka kishikwambi kwenye kiti changu ili amvutie mama shuka, na mimi nikakaa.

"Dada, umekalia kishikwambi."

"Najua."

"Kitavunjika."

"Kikivunjika mtanidai. Mimi fundi cherehani, kukaa kitako ndiyo kazi yangu. Hapa haweki mtu tiki yoyote mpaka mama atobolewe kidole."

Mlinzi akaitwa. Akanipima kwa macho juu mpaka chini, akasema kunyanyua mizigo hakumo kwenye mkataba wake. Wodi ikaangua kicheko. Halafu akaingia Matroni mwenyewe, na kicheko kikakatika.

"Mama, unavuruga huduma."

"Huduma ipi? Hii niliyoikalia, au ile ambayo mgonjwa wangu hajaipata? Mtu amelala hapo midomo imemkauka, ninyi hali yake mnaiuliza kioo. Mpimeni. Nikiwa mwongo niitieni polisi, nitatoka kwa miguu yangu."

Matroni akamtazama mama, akamgusa paji la uso. "Mpime," akamwambia Sista. Kile kipimo cha kidole hakikutoa hata namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake. Daktari akaja, dripu ikatundikwa, sindano ikachomwa. Mimi nimekaa palepale.

"Haya, lete tuandike kwamba amepewa," Matroni akasema.

"Andikeni kwanza kwamba asubuhi hakupewa."

"Wodi yangu itaonekana nyekundu."

"Na ionekane."

Nikainuka, nikampa Sista, si Matroni. Akamwangalia mkubwa wake, kidole kinasitasita juu ya kioo, kisha akagusa. Kisanduku cha mama kikawa chekundu. Nilidhani atakirudisha mezani yaishe. Badala yake akageukia kitanda cha pili, akamwinamia ajuza aliyekuwa amelala kimya siku nzima.

"Bibi, na wewe, asubuhi ulichomwa?"

"Niliuliza, mwanangu, wakaniambia nimeshachomwa. Nikadhani uzee umenisahaulisha."