Mjomba Ndani ya Kochi

Mtaani walinibandika jina la Wakili, ingawa chuo cha sheria nilikiacha mwaka wa pili. Maswali yao yalikuwa yaleyale. Mpangaji akigoma kuhama nifanyeje? Mbuzi wa jirani akimaliza mboga zangu, nani analipa? Na lile walilolipenda kuliko yote: nikikataa kupokea samansi, si kesi inakufa?

"Inakufa na kuzikwa," nilikuwa nawajibu. "Hujapokea, hujashtakiwa."

Aliyeniamini kuliko wote ni mjomba wangu, fundi makochi. Jirani yake, mwenye mashine ya kusaga, alifungua kesi ya madai akidai kiwanja chenye karakana ya mjomba ni chake. Uongo mtupu. Mjomba alikinunua kwa marehemu baba wa huyohuyo jirani, na hati ya mauziano anayo, na mashahidi wawili waliotia sahihi bado wanatembea. Hati hiyo aliikunja ndani ya kopo la misumari.

"Sasa niipeleke mahakamani?" akaniuliza.

"Ya nini kujisumbua, mjomba? Tuwachezeshe kidogo."

Siku tarishi wa mahakama alipokuja, mjomba alikuwa amelala ndani ya kochi ambalo halijafungwa springi, nimemfunika kitambaa cha maua. Tarishi akakaa kwenye mkono wa kochi hilohilo.

"Mwenye karakana yuko wapi?"

"Ametutoka," nikasema, nimeinamisha kichwa.

"Poleni sana. Amefariki lini?"

"Hajafariki. Ameoa."

Kochi likaanza kutikisika. Tarishi akalitazama, akanitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akabandika samansi mlangoni na kwenda zake. Mjomba akatoka na sufi kwenye ndevu, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Samansi niliibandua, tukafutia gundi.

Baada ya miezi minne akaja dalali wa mahakama na amri ya kututoa. Kumbe kesi ilisikilizwa upande mmoja. Jirani alisema, hakukuwa na wa kumpinga, akapewa.

Nikamkimbilia niliyekuwa nakaa naye dawati moja chuoni, siku hizi wakili kweli. Alisoma makaratasi yote.

"Tutaomba hukumu ifutwe," akasema. "Lakini hakimu atauliza kitu kimoja tu: kwa nini mjomba wako hakufika. Kukiwa na sababu ya maana, kesi inaanza upya na hati yenu inasomwa. Isipokuwepo, hiyo hati hata haifunguliwi."

"Samansi si hakuipokea?"

"Ukiikimbia, ikabandikwa mlangoni na tarishi akala kiapo, umeipokea. Nani alikwambia vinginevyo?"

Nikakusanya makaratasi yangu.

Nilimfundisha mjomba aseme alikuwa anaumwa. Alifika mahakamani na shati lililopigwa pasi, kopo la misumari amelikumbatia. Kiapo cha tarishi kikasomwa: "Mdaiwa alikuwa ndani ya kochi. Nilimsikia akicheka."

"Ni kweli?" hakimu akauliza.

Mjomba akanitupia jicho. Halafu akasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Nilikuwa ndani ya kochi."

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata karani. Maisha yangu yote sijawahi kutunga utani uliochekesha watu wengi vile.

Ombi likatupwa. Kopo halikufunguliwa.

Kesho yake tulitoa vitu nje, cherehani, mbao, magunia ya sufi. Mashine ya jirani ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta kama kawaida. Likabaki kochi lile la kitambaa cha maua, ambalo mteja aliyelileta hakurudi kulichukua.

"Hivi haya mambo ya samansi," mjomba akauliza, "chuoni wanafundisha?"

"Wanafundisha."

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hanunui tena. Akainama, akashika upande wake wa kochi.

"Haya, Wakili. Shika huko."