Samaki wa Mjomba Wazir

Kabla hujaniambia kwamba Wazir ni ndugu yangu na nia yake ilikuwa njema, nisikilize kwanza. Habari za nia njema nimezisikia tangu Idi mpaka masikio yamechoka.

Binti yangu Hadil, aliye darasa la kwanza, alitaka samaki. Si wa kupika, wa kumtazama akiogelea. Mwalimu wake, Bi Kerubo, alipohamishiwa bara alituachia tangi lake la kioo na kichujio cha umeme, akatukalisha chini kutufundisha. Samaki, alisema, hunya mle mle anamopumua, na uchafu huo hugeuka sumu. Wapo vijidudu wasioonekana wanaoila sumu hiyo, lakini huchukua wiki nyingi kuzaliana kwenye changarawe na kichujio. Kwa hiyo tangi hujazwa maji, kichujio huwashwa, na chembe za chakula hutiwa kila siku ili vijidudu wapate riziki. Samaki huja mwisho. Alituachia na dawa ya kupimia: maji yakigeuka kijani, sumu ipo, yakibaki manjano, karibu samaki.

Hadil aliyashika hayo kama anavyoshika sura za Kurani anazofundishwa chuoni. Kila asubuhi alitia chembe zake, akapima, akatangaza kijani, kisha akaenda skuli. Majirani zetu wa Mkomani walicheka wee. Wageni wakiuliza samaki wako wapi, mama yangu aliwajibu kwamba mjukuu wake analisha maji. Mtoto hakujali. Alikuwa ameshamchagulia samaki wake jina, Sukari, na hata sura yake hajaiona.

Akaja Wazir kutoka Mombasa kula sikukuu, na mfuko wa samaki watatu wa rangi ya dhahabu. Nilimwambia bado. Nilimweleza yote niliyofundishwa, pole pole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Akanishika mkono akanipeleka msalani kunionyesha birika. Nyumba zetu za kale zina birika la maji ya kuogea, na ndani yake hufugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Hakuna anayewalisha, hakuna anayewapimia maji, na wanazaana.

"Dada Tima, mai ni mai," akaniambia. "Hawa walingojea nini?"

Nilitaka kumzaba kofi. Birika lile hutekwa na kujazwa kutwa, na kuta zake zina ukungu tangu kabla hatujazaliwa, na samaki wenyewe ni wadogo kama kucha. Vijidudu wote aliowataja Bi Kerubo wamo mle, wameshajenga na kuhamia. Hayo nilimwambia, naye akatikisa kichwa akaenda kukaa. Nilipoingia jikoni kuepua biriani, akawamimina kwenye tangi. Niliporudi alikuwa anampiga Hadil picha, na Hadil, maskini, alikuwa ananitazama mimi badala ya simu.

Ningefanya nini? Nilibadilisha maji ndoo kwa ndoo, nikitia yale tuliyoyaacha yatuame kama tulivyofundishwa, na Hadil akinisaidia kwa kata. Kila tukipima, kijani. Samaki walipanda juu wakawa wanatweta, na aliyetweta zaidi ya wote ni yule mwenye mkia mweupe. Ndiye aliyekuwa Sukari.

Walikufa siku chache baada ya sikukuu, wakati Hadil yuko chuoni. Nilishuka nikamkuta Wazir ameshawatoa, yuko mbele ya tangi na mfuko mwingine mkononi, samaki watatu, mmoja mkia mweupe. Kumbe alipoona wale wamelegea alimpigia rafiki yake, wengine wakaja na basi la Mombasa, na kwangu hakusema neno.

"Mtoto hatoyua kuwa ni wengine," akaniambia.

Hapo ndipo nilipopandwa na ghadhabu kweli. Kuua kwa ujinga, sawa, watu hujifunza. Lakini huyu alikuwa tayari kuua mara ya pili, na kumdanganya mwanangu juu yake, ili yeye aendelee kuitwa mjomba mzuri. Nikasimama kati yake na tangi. Nikamwambia hatii kitu mle, na maneno atayasema yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Hadil akaingia, buibui limemwenda upande. Aliliona tangi tupu, akauona mfuko. Wazir akababaika, akasema wale walikuwa wagonjwa, lakini tazama, Sukari mwengine huyu hapa, mzuri kuliko yule. Mtoto akaweka kidole kwenye mfuko. Yule wa mkia mweupe akakifuata kidole, huku na huku. Nilimwona mwanangu anavyomtaka. Ningesema mtie, angemtia.

Akaenda kuchota maji ya tangi, akatia matone, akangoja. Kijani.

"Mjomba, hawa nao watakufa," akasema. "Mai yangali na sumu. Warudishe walikotoka."

Wazir alinitazama mimi kuomba msaada. Nikampa ndoo yenye kifuniko, nimeijaza maji yaliyotuama, nikamwambia awatie humo, safari ya Mombasa ni ndefu na mfuko umewabana. Alitoka ameikumbatia, hata kuaga hakuaga. Hadil alisimama wima akimtazama mpaka akapinda kichochoroni. Mlango ulipofungwa ndipo akalia, na hasira zangu kwa Wazir zikaanza upya.