Begi la Kwenda Giakanja

Mjukuu wangu anaitwa Watiri, na hilo ni jina la mama mkwe wa binti yangu. Mila naijua. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya wa upande wa baba, na wa pili ndiye hupewa jina la nyanya wa upande wa mama. Mimi ni Wakonyo. Zamu yangu itafika siku Shiku wangu atakapojaliwa msichana mwingine, na Shiku amesema wazi kwamba kwanza anataka kupumua. Basi nangoja. Lakini kungoja si kufurahi, na kila nikimsikia Theuri, mume wake, akikiita kile kitoto "mama", moyo unaniuma kama jino bovu.

Nani alikesha na Shiku hospitalini? Mimi. Nani alimpikia njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na uji mpaka maziwa yakashuka? Mimi. Watiri mkubwa alipanda kutoka Wang'uru, kule Mwea anakouza mchele, akaingia na gunia begani mwa mtu mwingine, akapokea mtoto, na sebule nzima ikapiga vigelegele. "Watiri amemshika Watiri!" Mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria.

Alileta na begi la kubebea vitu vya mtoto. Jeupe, la ngozi ya kuigiza, lenye ua la dhahabu kifuani. Begi la kwenda harusini. Ndani lilikuwa shimo moja tu, kama gunia. Chupa ikilala, nepi zilikunywa maziwa kabla ya mtoto. Ukitafuta soksi moja ulimwaga kila kitu kitandani. Shiku alilibeba kwa heshima tangu mtoto azaliwe hadi akaanza kukaa, na kila nilipomwambia amlete kwangu Giakanja alikuwa na jibu moja:

"Mami, vitu za mtoto ni mingi. Nikikuja huko ni kama nahama."

Kutoka kwake Ruring'u hadi kwangu ni karibu, chai haipoi njiani. Lakini mtoto alikuwa na miezi minane na hajawahi kumwona ng'ombe wangu. Nilitaka aote meno akiujua uwanja wangu, ajue nako ni kwao. Nikasema dawa ya kisingizio ni kukiondoa. Nikashuka Majengo.

Saumu anatundika mabegi kwenye kibanda karibu na msikiti. Aliponiona alisimama.

"Karibu shosho. Ni ya msichana wa shule?"

"Ni ya mtoto hajui hata kutembea. Na usinionyeshe kitu nyeupe."

Akashusha la waridi lenye picha ya dubu. Nikamwambia dubu arudi msituni. Kisha nikafanya kile nilichokuwa nimekuja kufanya: nikatoa pakiti zangu za unga wa ugali, nikazifunga mgongoni kwa leso yangu ya kahawia, pale pale barabarani.

"Shosho, umebeba nini?"

"Mjukuu. Leta begi nijaribu."

Watu walisimama kutazama, na waache watazame. Begi linalochaguliwa na mtu aliyesimama wima, mgongo mtupu, litamcheka siku ya mvua. La mkono mmoja liliteleza kila nilipoinama. La mgongoni lilikuwa zuri, lakini mgongo una mwenyewe. Lingine lilikuwa na mifuko mingi hata Saumu mwenyewe alipoteza kalamu ndani yake. Mwishowe akanipa la turubai, rangi ya kijivu, lisilo na sura wala umbo. Mkanda wake ulikuwa mpana, ukapita kifuani na kutulia nyongani. Mdomo ulifunguka kwa mkono mmoja na ukabaki wazi. Pembeni chupa ilisimama, na thamosi ya uji ikasimama upande wa pili. Bitana yake ilikuwa ya kupangusa tu kwa kitambaa. Na chini kabisa kulikuwa na mfuko wenye zipu yake peke yake.

"Hiyo ya chini ni ya nguo imeloa," Saumu alisema. "Ndio harufu isipande kwa chakula. Lakini haina urembo, shosho."

"Urembo iko Wang'uru," nikamwambia, nikalipia.

Jumamosi nililipeleka. Shiku alihamisha vitu vyote, akatoa nepi kwa mkono mmoja huku mtoto akimning'inia kwenye mwingine, akacheka kama msichana. "Mami, umeniokoa!" Begi jeupe likatundikwa nyuma ya mlango, ua likatazama ukuta. Nikaketi nikijiona mshindi.

"Sasa Giakanja ni lini?"

Shiku akamtazama Theuri. Theuri akatazama chai yake.

Kumbe Shiku alikuwa ameitwa semina Nakuru, aondoke Jumatatu, alale huko siku chache. Na mtoto alikuwa anapelekwa Wang'uru.

"Wang'uru? Na mimi niko hapa tu?"

"Huko kuna joto, maitu," Theuri alisema, akiniita mama kwa adabu zake zote. "Giakanja saa hii ni baridi. Na unajua vile wazee husema. Watiri akienda kwa Watiri ameenda kwake. Mtu halii kwake."

"Mimi niliogopa tu vile vitu zitabebwa," Shiku akaongeza. "Lakini sasa si begi iko?"

Begi iko. Nililipima kwa mgongo wangu mbele ya Majengo nzima, kumbe nilikuwa namchagulia Watiri mkubwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Niliona wivu hata ulimi ukawa mchungu, na chai ya Shiku haikusaidia.

Nikaomba kazi moja tu, ya kupakia. Nilijifungia chumbani. Nepi, chupa, uji, sweta, kofia mbili. Kisha nikafungua leso yangu begani, ile ya kahawia niliyombebea mtoto tangu alipotoka hospitalini, inayonuka moshi na ng'ombe na mimi mwenyewe. Nikaisukuma kwenye mfuko wa chini, nikafunga zipu. Nilitaka kitu changu kiingie nyumba ile bila kukaribishwa.

Jumanne mchana nilikuwa nakata majani ya ng'ombe simu ilipolia. Alikuwa Watiri, ambaye hunipigia Krismasi pekee. Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa analia, kile kilio kilichokauka.

"Mama Shiku, analia tangu jana. Uji anatema, chupa anasukuma. Nimembeba, nimemwimbia mpaka nikaishiwa na nyimbo. Shiku amezima simu, ati ako kwa semina. Huyu mtoto anataka nini?"

Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Si ako kwake?" nikamjibu. "Mtu halii kwake."

Nikamsikia akimpigapiga mtoto mgongoni. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo. "Niko na jina peke yake, Mama Shiku. Hanijui."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni: mlete Giakanja. Angemleta, siku hiyo hiyo. Angeshuka pale langoni kwangu akiwa ameshindwa, na jirani zangu wote wangeona. Lakini mtoto alikohoa katikati ya kilio, akatafuta pumzi, na kutoka Wang'uru hadi kwangu ni mbali kwa mtu anayelia.

"Fungua begi," nikasema. "Si huko juu. Chini, ile zipu ya nguo imeloa."

Nikasikia zipu.

"Hii ni leso ya nani? Inanuka moshi."

"Mfunge nayo mgongoni. Muinue juu, sikio yake ikae kwa mgongo yako. Halafu utembee. Usiimbe."

Nikangoja na simu sikioni, panga mkononi, ng'ombe akinitazama na njaa yake. Kilio kilikatika, kikarudi, kikawa kwikwi. Mwisho nilisikia malapa ya Watiri tu, yakienda na kurudi sakafuni.

"Amelala," akanong'ona. Kisha, kwa furaha ambayo hakuweza kuificha: "Amelala kwangu."

Wivu ukaniuma upya. Leso yangu mgongoni mwake, begi langu miguuni pake, na mtoto amelala.

"Asante, Mama Shiku. Nitakurudishia ikiwa safi. Naifua leo akiamka."

"Usiifue!" Nilipiga kelele hata ng'ombe akarudi nyuma. "Usiiguse na sabuni! Irudi vile iko, na uilete wewe mwenyewe na mtoto, hapa Giakanja."

"Sawa, tutakuja. Sitaifua," akasema polepole, malapa yakiendelea. "Lakini ujue nitakuwa nimeibeba siku mzima kwa hii joto ya Mwea. Itanuka sisi wawili, wewe na mimi."

Hilo sikuwa nimelifikiria.