Pini Laini

Mgeni hakubisha hodi. Alimkamata fundi miguu, akamburuta kutoka chini ya lori na kumsimamisha kwa kumkaba shati. Mikono yake ilikuwa na damu hadi viwikoni. Mdogo wake, dereva wa tipa, alikuwa amebanwa machimboni, tipa limemlalia miguu, na kila aliyeulizwa alisema mwenye winchi ni huyu.

"Hata bila kunikaba ningekuja, kaka," fundi alisema, akawasha lori.

Lilikuwa lori kuukuu la jeshi, ambalo fundi alipenda kusema limepigana vita viwili na kushindwa vyote. Winchi yake, mtambo wa kuvutia mizigo kwa waya pale mbele kwenye bampa, ilizungushwa na injini kupitia pini moja ya chuma laini. Mzigo ukizidi, pini hukatika, waya unapona.

Machimboni pini ikakatika. Fundi akaweka nyingine, nayo ikakatika. Akaeleza kwamba waya inabidi upitishwe kwenye kapi ili nguvu iongezeke, kazi ya robo saa tu. Mgeni alimjibu kwa ngumi. Ya pili ilimng'oa jino, ya tatu ikamlaza chini. Alipoinua kichwa, mgeni alikuwa ameshagongomea boliti ngumu mahali pa pini, anapanda kwenye usukani.

Fundi alitambaa hadi kwenye tipa. Akawaambia wachimbaji washike mawe, tipa likinyanyuka tu wayasukumie chini yake, kisha wakimbie wasigeuke nyuma. Yeye mwenyewe alitaka kukimbia kuliko wote. Lakini dereva, uso umempauka kama jivu, alikuwa ameshamshika mkono wa kulia.

"Fundi, usiniache."

"Sikuachi mpaka utoke, mdogo wangu."

Lori likanguruma. Tipa likanyanyuka shibiri moja, mawe yakaingia, wachimbaji wakatawanyika. Waya ukaanza kulia sauti nyembamba, na fundi aliijua sauti ile. Aliwahi kumzika mwenzake aliyeuawa na waya uliolia hivyo kabla ya kukatika. Akakaza vidole, akavuta. Dereva akapiga yowe, goti moja likatoka.

Waya ulikatika kwa mlio wa bunduki. Ulirudi kama mjeledi, ukapasua taa ya tipa, ukamkata fundi mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Tipa likashuka juu ya mawe, likakaa.

Hakusikia maumivu mara moja. Aliona damu yake ikiruka juu ya kokoto, akaona mgeni anakuja mbio, anapiga magoti, anafunga kisiki cha mkono kwa mkanda wake huku analia na kuomba radhi. Wachimbaji walirudi, wakamvuta dereva kwa mabega. Mtu mmoja akajaribu kumfungua fundi vidole vya kulia, vikakataa.

"Ametoka?" fundi aliuliza.

"Bado mguu mmoja," mgeni alisema.

Fundi akaendelea kushika. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya baridi. Wakavuta tena, kiatu kikabaki chini ya tipa, mguu ukaja.

"Ametoka, kaka. Ametoka kabisa."

Ndipo akafungua mkono.