Stendi Kubwa ni Mzigo Tu

Mimi huwa sipimi injini, naisikiliza. Hilo ndilo neno langu, na nimelisema mara nyingi mpaka muuza spea wa duka la mbele analimalizia yeye kabla sijafika mwisho. Wateja wananiita Daktari. Jina hilo nilijipa mwenyewe, nikalichonga kwenye muhuri, nikaliandika ukutani kwa rangi nyekundu, kisha nikasubiri watu walizoee. Walichukua miaka mitatu.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, dada yangu mkubwa alipoingia gereji akiwa juu ya pikipiki ya ofisi, moshi wa bluu ukimfuata, wala sikumwuliza ina nini. Nilinyoosha kiganja nyuma ya ekzosi, nikanusa, nikafumba macho.

"Ringi," nikasema.

"Hata sijazima," dada akasema.

"Ringi za pistoni, dada. Zimekwisha, oili inapita inaungua."

Dada ni msoma mita wa ofisi ya maji. Anapanda vilima nyumba kwa nyumba, anachuchumaa mbele ya mita, anafuta vumbi, anaandika namba. Anaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kabla ya hapo walimweka kaunta miaka miwili, kupokea malalamiko ya watu waliokatiwa maji, na alikonda mpaka mama akaanza kumwulizia hospitali.

Alitoa kijidaftari mfukoni. "Nimeandika kila nilipoongeza oili. Tarehe, na kiasi. Injini silinda moja, ndogo hivi, lakini inakunywa! Na msimamizi wa vyombo vya usafiri anataka ripoti yako Ijumaa. Ukisema injini imechoka, pikipiki inakwenda mnadani na mimi narudi kaunta. Nyingine hakuna."

"Daftari la nini? Injini inaongea yenyewe," nikasema, nikalitupia juu ya rafu.

"Mdogo wangu, nisikilize. Kaunta sirudi. Nitakufa pale."

"Umefika kwa Daktari," nikamjibu, na nilijipiga kifua kabisa, sijui nani alinituma.

Akaenda kukaa kwenye benchi la wateja. Benchi hilo nililitengeneza mwenyewe na ninaringa nalo. Miguu yake ni stendi kubwa za pikipiki, zile za katikati zinazoinua pikipiki ikasimama wima. Huwa nawatolea wateja, nawaambia stendi kubwa ni mzigo tu, ya pembeni inatosha. Wakishaniachia, nachomelea. Benchi imara kuliko hilo mtaa huu hauna.

Jumanne nilifungua injini. Nilitarajia kukuta silinda imekwaruzwa mistari, nimwite muuza spea aje ashuhudie. Lo! Ndani kulikuwa safi. Mikwaruzo midogo ya kiwandani, ile inayofutika injini ikichakaa, ilikuwa bado inaonekana ukutani mwa silinda. Ringi zilijaa mahali pake vizuri tu. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilibadilisha ringi hizo nzima kwa mpya, kwa sababu mtaa mzima ulishanisikia nikisema ringi.

Nikafunga, nikamimina oili kwa kukadiria kwa jicho, nikapima kwa kijiti, nikaona haijafika, nikaongeza. Nikapiga kiki. Moshi ukatoka wa bluu, mwingi, ukavuka barabara.

"Daktari!" muuza spea akaita kutoka dukani kwake. "Mgonjwa anakusalimia!"

Jumatano nikasema ni sili za valvu, zile za kuzuia oili isivujie ndani. Nilisema kwa sauti ileile ya Jumatatu, bila haya. Nikabadilisha sili, nikamimina oili, nikapima, nikaongeza, nikapiga kiki. Moshi.

Hapo nikatafuta geji ya kupimia mgandamizo wa injini. Dada alininunulia nilipofungua gereji, na ilikuwa bado kwenye boksi lake, maana mimi huwa sipimi. Nilisubiri muuza spea aende kula ndipo nikaitoa. Sindano ikapanda mpaka pale inapopanda kwa pikipiki mpya. Injini ilikuwa na afya kunishinda mimi. Nikaitazama geji, nikaitikisa, nikaamua kwamba imeharibika kwa kukaa sana.

Kufika Alhamisi nilikuwa nimeishiwa majina ya ugonjwa. Fomu ya ofisi ina sehemu ya chanzo cha tatizo, na visanduku vitatu: Uchakavu, Uzembe wa dereva, Mengineyo. Nikaweka alama kwenye Uchakavu. Nikaandika kwamba injini imechoka na haifai kutengenezwa. Ilikuwa rahisi kuandika injini imechoka kuliko kuandika kwamba sijui.

Dada alipopita jioni nikampa. Aliisoma mara mbili akiwa amekaa kwenye benchi langu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Yeye akaikunja tu, akavua mkoba wake wa kazi, ule wenye tochi na ufunguo wa kufungulia visanduku vya mita, akauweka pembeni.

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye fundi. Na hivi nitavirudisha pamoja na pikipiki."

Roho iliniuma. Nilitaka kumwambia nirudishie hiyo karatasi, badala yake nikachukua ufagio.

Ijumaa asubuhi akaja kuichukua aipeleke. Nikasema ngoja niangalie oili, isije ikakufia njiani. Pikipiki ilikuwa imeegemea stendi yake ya pembeni. Nikachomoa kijiti, oili ilikuwa imegusa nchani tu. Nikachukua kopo.

"Ngoja kwanza," dada akasema. Alikuwa amechuchumaa vilevile anavyochuchumaa mbele ya mita. "Mbona unaisoma imelala?"

"Imelala vipi?"

"Imeinamia kushoto, na kijiti kiko kulia. Oili si imekimbilia kule? Mimi mita ikiwa imepinda sisomi. Nainyoosha, la sivyo namwandikia mtu maji ambayo hajayatumia."

"Dada, usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Zamani nilikuwa naipandisha stendi kubwa ndipo napima. Ukaitoa wewe. Ukaniambia pima hivihivi ilivyoegemea, inatosha."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Dada akashika usukani kwa mikono miwili, akaisimamisha wima, akanitazama. "Haya, pima."

Nikapima. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Nikafuta kijiti kwa kitambaa, nikapima tena. Nikabadilisha kitambaa, nikapima mara ya tatu. Muuza spea alikuwa ameshavuka barabara na kusimama nyuma yangu, akiinama kukitazama kijiti.

"Fungua boksi la kichujio cha hewa," muuza spea akasema.

Kichujio cha hewa ni kitu ambacho mafundi tunamwambia mtu anayeanza akiangalie kabla ya vingine vyote. Kwa sababu hiyohiyo mimi nilikuwa sijakiangalia. Nikalegeza skrubu, nikavuta kifuniko, na oili ikanimwagikia viatuni.

Mambo yote yakawa wazi pale pale, hata mimi niliyaelewa. Injini haikuwa inakunywa oili. Ilikuwa inashindiliwa. Oili ikizidi, injini inaisukuma nje kupitia mpira wake wa kupumulia, mpira unaimwaga kwenye boksi la hewa, injini inaivuta tena pamoja na hewa na kuiunguza. Dada anaona moshi, anapima pikipiki ikiwa imeinama, anaona oili imepungua, anaongeza. Na alipochoka kuongeza yeye, akamletea mdogo wake aongeze.

"Nipe daftari langu," dada akasema.

Nikalishusha kwenye rafu na kulipangusa. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaniwekea kidole. Mara ya kwanza kuongeza oili ilikuwa siku moja baada ya mimi kumtolea stendi. Alikuwa ameandika na hilo pia: "Mdogo wangu katoa stendi kubwa. Anasema ni mzigo." Lilikuwa limekaa pale siku nne, mkono ukinyooshwa linafikiwa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Badala yake nikamwaga oili ya ziada, karibu nusu lita, nikaosha kichujio, nikafuta boksi. Tukapanda wote wawili, dada akiendesha, tukaukabili mlima wa nyuma ya soko. Mwanzoni moshi ukatoka palepale, nikasema nimekwisha. Muuza spea alikuwa amenionya: ekzosi ina oili ya zamani, ipe muda. Tukapanda, tukashuka, tukapanda tena. Mara ya tatu niligeuka nikaona barabara nyuma yetu nyeupe, haina kitu, na dada akapiga kelele za furaha mpaka mtu mmoja akatoka nje kutazama nani kaumia.

Ikabaki fomu. Dada alikuwa na nyingine tupu mkobani, anajua mwandiko wangu huharibu fomu. Nikakaa nayo. Niseme ukweli, maana nimeshaaibika vya kutosha: kalamu ilielekea kwenye Uzembe wa dereva. Ofisi ile ina pikipiki sita na zote nazitengeneza mimi. Nilikuwa naziona zikiondoka moja moja.

Dada akakohoa. "Ukiweka hapo, pia narudi kaunta."

"Sijaweka! Nilikuwa napumzisha mkono."

Nikahamia Mengineyo, nikaandika: hitilafu ya kiufundi.

"Ya nani?" akauliza.

"Dada, jamani."

"Watauliza ni ya nani. Nami nitajibu nini?"

Nikamwangalia. Mkoba wa kazi alikuwa ameshauvaa tena, ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, hajui kama ataondoka nao au ataurudisha. Nikakata yale maneno, nikaandika polepole ili yasomeke: "Fundi. Alitoa stendi kubwa, akamfundisha dereva kupima oili pikipiki ikiwa imeinama. Dereva hana kosa. Injini ni nzima." Kisha nikapiga muhuri. DAKTARI WA INJINI likatua pembeni kabisa ya neno fundi, wino haujawahi kukolea vile.

Muuza spea aliomba kuisoma. Akaisoma kwa sauti. Akaomba kuisoma tena.

Dada aliondoka nayo. Nilijitia kupanga spana, ila nilizipanga nusu saa nzima zilezile. Saa sita nikasikia pikipiki inakuja, na niliitambua kwa mlio, hilo angalau bado naliweza. Haikuwa na moshi. Dada alishuka akicheka mpaka machozi, mkoba ubavuni, akajibwaga kwenye benchi na kuninyooshea ile karatasi.

"Msimamizi amekuandikia kwa chini," akasema. "Soma."

Mwandiko ulikuwa mdogo na uliotulia. "Msoma mita aendelee na njia zake. Fundi ashukuriwe kwa kusema ukweli. Ataendelea na kazi zetu. Pikipiki nyingine tatu za ofisi hii nazo zinatoa moshi wa bluu, na nimeangalia leo, hazina stendi kubwa. Stendi zote nne zirudishwe kabla ya Jumatatu."

Nikaisoma mara mbili. Nikaangalia miguu ya benchi. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nikachukua msumeno wa chuma.

"Dada," nikasema, "hebu inuka kidogo."