Hodi ya Nne

Watu wa Magogoni wana adabu, na adabu hiyo nusura imuue Bi Dhahabu.

Siku ile Mwanarehema, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikwenda kwake saa tatu asubuhi na bakuli la mbaazi, kama desturi. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, kisha ya tatu, na kwa kuwa hodi ni tatu, akageuka akarudi zake. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, angeusukuma kwa kidole. Lakini nani huyo wa kuingia nyumba ya mtu bila kuambiwa karibu? Tena nyumba ya Bi Dhahabu, aliyewafunza nusu ya wanawake wa mtaa ule tangu wadogo kwamba mgeni asiyejibiwa mara tatu hurudi alikotoka!

Kumbe Bi Dhahabu alikuwa sakafuni chooni. Aliteleza alfajiri akitawadha, mkono wa kulia ukamvimba, na kwa umri wake wa kukaribia themanini hakuweza kuinuka. Aliokotwa adhuhuri na mwanawe Jafar, aliyekuja mbio kutoka Changamwe baada ya kupiga simu isijibiwe.

Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi. Kilichovunjika ni subira ya Jafar. Siku ya tatu alikuja na mabegi mawili matupu akayaweka ukumbini: mama atahamia kwake, ghorofa ya nne, chumba kiko tayari. Mtoto mwema Jafar, sikatai. Ila kule ghorofani Bi Dhahabu angemjua nani? Angekaa dirishani akitazama malori ya mafuta mpaka siku yake ifike.

Mwanarehema alikuwepo, amekuja kumkanda mgonjwa mkono. Siku tatu hizo hakumwambia mtu kwamba alifika mlangoni akarudi. Akisema ukweli, Jafar atapata hoja ya kumchukua mamake. Asiposema, atamtazama vipi bibi huyu usoni?

"Huku mama hana mtu," Jafar alikuwa akisema. "Toka alfajiri hata adhuhuri yuko chini, na mtaa mzima haujui!"

"Mimi nalikuja," Mwanarehema akasema. "Nalipiga hodi tatu, sikujibiwa, nikarudi. Niwie radhi, Bi Dhahabu. Wallahi usingizi sijauona."

Jafar akamkodolea macho. "Ukarudi, dada Mwanarehema? Na mlango u wazi? Haya, mama, umewasikia hao majirani zako?"

"Nalimsikia siku ile ile," Bi Dhahabu akajibu taratibu. "Nalimwambia karibu zote tatu. Sauti haikufika."

"Ulijua, na hukunambia?"

"Nikwambie nini? Amefanya nilivyomfunza."

Akautazama mlango. Tangu kufiwa na mume, hakuna jicho lililovuka ukumbi wake bila yeye kupenda. Mwili ulikuwa umeanza kumwasi, macho yamepungua, lakini mlango ulikuwa bado unamtii. Kuutoa huo kulimuuma kuliko mkono.

"Mwanarehema, mwanangu," akasema hatimaye. "Karibu yako nimekwisha kukupa tangu leo. Ndoo unitazame kila asubuhi. Ya tatu isipojibiwa, sukuma uingie. Hodi ya nne uipige uko ndani."

Jafar akakuna kichwa. Alimpenda mamake, na hofu ilikuwa haijamtoka. "Mwezi mmoja, mama. Lakini siku moja tu dada Mwanarehema akiishia mlangoni, mimi naja na gari."

"Inshallah," mamake akasema, ile inshallah ya kufunga mazungumzo.

Asubuhi yake Mwanarehema akapiga hodi tatu. Kimya. Akaweka kidole mlangoni, akakiondoa. Adabu ya miaka hamsini haitoki kwa usiku mmoja. Akamuomba Mungu msamaha, akasukuma mlango, akapita ukumbi mpaka chumbani.

Bi Dhahabu alikuwa ameketi kitandani, mzima wa afya, kichwa wazi. Nywele zake, ambazo Magogoni haikupata kuziona ila zimesukwa na kufunikwa, zilikuwa nyeupe, zimetimka, na kitana kimenasa katikati. Mkono wa kulia ulikuwa hauinuki. Hakuna mtu aliyewahi kumwona hivyo, na machozi yalikuwa yamemjaa.

"Hodi," Mwanarehema akanong'ona.

"Nalikusikia toka ya kwanza. Nalitaka urudi."

"Nalijua, bibi."

"Basi mbona hukurudi?"

"Ningerudi, Jafar angekuja na gari."

Bi Dhahabu akashusha pumzi ndefu. Akakinasua kitana kwa mkono wa kushoto, akampa, kisha akamgeuzia kisogo.

"Haya, nisuke. Na usikaze, kichwa bado ni changu."